Presha ya 128 si ya kuchekea

Mhariri,

Mwezi uliopita nilipimwa presha kwenye zahanati ya mtaani: 128 kwa 78. Mhudumu akasema, "Uko vizuri mzee wangu, nenda." Nikaenda nikifurahi, hadi nilipojua kuwa kawaida ni chini ya 120 kwa 80, na kwamba tangu 2017 wataalamu wa moyo wa Marekani huita 120 hadi 129 presha iliyopanda kidogo. Bado si ugonjwa, na kwa kawaida haihitaji vidonge. Ila ukiiacha huelekea kupanda, na mara nyingi haina dalili yoyote.

Chumvi ndiyo inayotuponza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate. Simama kwenye kibanda chochote cha chipsi: muuzaji ananyunyiza, mteja naye anaongeza kabla hata ya kuonja! Mimi nimeondoa kikopo cha chumvi mezani, na jioni natembea nusu saa (mke wangu ananicheka).

Ombi langu kwa zahanati: mtuandikie namba kwenye karatasi, na mtuambie turudi lini kupima tena.

Msomaji wako,
Morogoro