Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Safari ya Jangwani na Mengineyo

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, Bwana asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni.

Naanza na yasiyo na maneno mengi. Darasa la Kiswahili la Jumamosi linaendelea vizuri. Walimu wanafika kwa wakati, wazazi ndio wanaochelewesha watoto. Mfuko wa rambirambi ulifanya kazi yake, na hakuna familia iliyofiwa iliyoachwa kuhangaika peke yake. Ada bado zinadaiwa, na wadaiwa wanajijua. Hesabu za dola na senti namwachia mweka hazina, atazisoma baada yangu.

Muda uliobaki nautaka kwa ajili ya safari ya Januari, maana ndiyo iliyowasha moto kwenye kundi letu la WhatsApp.

Mnakumbuka kamati iliamua kuacha sherehe ya ukumbini, badala yake tukakodi magari ya nyumba, yale tunayoyaita RV, tukatoka hapa Las Vegas kwenda hifadhi ya taifa ya Zion, jimbo la Utah, kisha hifadhi ya taifa ya Death Valley, bonde la jangwa huko California. Wapo waliouliza: jangwani kufanya nini, tena kipindi cha baridi? Jibu ni kwamba hicho ndicho kipindi chake. Death Valley ndiko kulikorekodiwa nyuzijoto 56.7 za Selsiasi, tarehe 10 Julai 1913. Wakati wa kiangazi hifadhi yenyewe inawasihi watu wasitembee bondeni baada ya saa nne asubuhi. Januari mchana ni nyuzi 18 au 19. Mzee anatembea na koti lake begani.

Zion nitaipitia haraka. Ni pazuri, hilo halina mjadala: kuta nyekundu kushoto na kulia, mto Virgin katikati. Wazee walifurahia njia ya Pa'rus, ambayo imewekwa lami na hata kiti cha magurudumu kinapita. Vijana walitaka kupanda Angels Landing, mwamba mrefu wenye njia nyembamba na minyororo ya kushikia. Tangu 2022 huwezi kupanda kule bila kibali, na kibali hutolewa kwa bahati nasibu. Hata kingepatikana, mimi nisingekubali watoto wa watu washike minyororo juu ya genge lenye barafu. Usiku baridi ilishuka chini ya sifuri, mpira wa kuingiza maji garini ukaganda, asubuhi hakuna chai. Wenye uzoefu hufungua mpira jioni na kutumia maji ya tangi la ndani, nasi tukafuata hivyo siku zilizobaki.

Kutoka Zion hadi Death Valley kulitumaliza. Siku nzima barabarani, na RV kubwa hunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka malishoni: lita moja haikufikishi hata kilomita nne. Madereva wetu wa malori ndio walioshika usukani, na nawashukuru mbele ya mkutano huu. Walijaza matangi mji wa Pahrump kabla ya kuingia hifadhini, kwa kuwa mafuta ya ndani bei yake haisemeki.

Na sasa Death Valley yenyewe. Pale Badwater unasimama mita 86 chini ya usawa wa bahari, miguu juu ya chumvi. Ukiinua macho upande wa magharibi unaona kilele cha Telescope, mita 3,366, kimefunikwa theluji. Mzee wetu mmoja aliyekulia karibu na Ziwa Magadi aliinama, akaonja, akatangaza kwamba hii si magadi, ni chumvi ya mezani. Alikuwa sahihi, kwa sehemu kubwa ndiyo hiyo.

Korongo lililotushika zaidi ni Golden Canyon. Zamani palikuwa na barabara ya lami humo ndani. Mvua ya Februari 1976 ikaichukua, na hifadhi ikaamua pabaki pa kwenda kwa miguu. Vipande vya lami mnaviona hadi leo. Niliwasimamisha vijana pale, kwa sababu wengi wanadhani jangwa halina maji ya kuua. Agosti 2023 masalia ya kimbunga Hilary yalimwaga kwa siku moja mvua inayokaribia ya mwaka mzima, na hifadhi ikafungwa kwa muda wa karibu miezi miwili. Ndiyo maana tuliweka daftari mlangoni mwa gari: kila anayeingia korongoni anaandika jina, njia na saa ya kurudi, anabeba maji yasiyopungua lita mbili, na wingu likitanda milimani anageuza. Simu nazo sehemu nyingi hazishiki mtandao.

Furnace Creek, tulipopiga kambi, ni kwa Watimbisha Shoshone, wenyeji wa asili wa bonde hilo. Wanaishi hapo mpaka sasa, na mwaka 2000 sheria ya Marekani iliwarudishia sehemu ya ardhi yao. Tulikubaliana hakuna kupiga picha nyumba za watu.

Malalamiko yaliyonifikia ni mawili. La kwanza, king'ora cha moshi kililia kila vitunguu vya pilau vilipoanza kubadilika rangi. Wapishi wataomba kukaanga nje, nami nawaunga mkono. La pili ni zito. Gari letu kubwa lilikataliwa kwenye barabara za Artists Drive na Dantes View, kwa sababu magari yenye urefu unaozidi mita 7.6 hayaruhusiwi huko. Waliopanda gari dogo waliona milima ya rangi. Wa gari kubwa, ambao wengi wao ni wazee, walisubiri kambini. Waliochanga sawa wanastahili kuona sawa.

Kwa hiyo kamati inaleta hoja hii. Mwakani twende Death Valley tu, Zion ibaki kwa safari nyingine, na tukodi magari mafupi hata kama idadi yake itaongezeka. Gharama ya gari la ziada itafidiwa kwa kiasi fulani na mafuta ya ile siku ya barabarani, na tofauti iliyobaki mweka hazina ameiandika ukurasa wa mwisho wa hesabu zake. Wanaotaka sherehe ya ukumbini irudi nao wana haki ya kuleta hoja yao leo hii.

Naomba tupige kura kabla ya chakula. Nafasi za kuegesha RV zenye umeme, maji na bomba la majitaka pale Furnace Creek ni 18 tu, na huanza kukodishwa miezi sita kabla. Tukitaka Januari, katibu lazima awe kwenye kompyuta Julai, asubuhi na mapema, akiwa na majina na amana mkononi. Fomu ziko kwake, meza ya mlangoni.

Mweka hazina, karibu.