Usizitupe zile kanda za mjomba

Mwanangu wa Ngamiani,

Salama lakini? Huku Leicester tupo, baridi ndo hiyo imetukaba koo, ila watoto wazima na kazi inaenda. Ile vois noti yako ya juzi imenishtua kidogo maana nilikuwa jikoni nikasikia "tunasafisha stoo ya marehemu mjomba, kuna maboksi ya kanda za video, kesho kutwa tunampa jamaa wa skrepa au tunachoma tu", aisee nikazima jiko kabisa. Subiri kwanza. Usichome kitu. Nimeona nikuandikie barua maana kwenye simu utanicheka utakata, we kaa chini soma mpaka mwisho.

Si unajua mi huku nina ugonjwa wangu wa kununua picha za zamani. Mama watoto kashasema kabati la vyombo limekuwa maktaba ya Wachina, na kweli sufuria zimehamia juu ya friji. Ila bwana we hujui wanachofanya hawa watu. Kuna kampuni ndogondogo ambazo kazi yao ni moja tu, kutafuta picha ambazo wakubwa waliziona takataka, kung fu, za kutisha, kauboi za Kitaliano, wanazitengeneza upya halafu wanazitoa kwenye diski. Hapa Uingereza kuna Arrow Video, kuna 88 Films, kuna Eureka, kule Marekani kuna Vinegar Syndrome na Severin. Wanaanzia kwenye negative yenyewe, ile filamu ya milimita 35 iliyokuwa ndani ya kamera siku ya kupiga picha, sio kopi ya kopi. Wanaiskani fremu moja moja, na sinema ni fremu 24 kila sekunde, sasa chukua picha ya saa moja na nusu piga hesabu utapata 129,600. Kila moja kuna mtu anaitafutia mikwaruzo, vumbi, rangi iliyofifia, sehemu iliyokatika. Na negative zenyewe nyingine wanazikuta zimeshaanza kuoza, zile filamu za asetati zikiharibika zinanuka siki kabisa.

Sasa Shaw Brothers, wale watengenezaji wa picha za kung fu, ndo hao waliotulea mimi na wewe pale kibanda umiza cha mjomba. Studio yao Hong Kong, kule Clearwater Bay, ilifunguliwa 1961, walikuwa wanafyatua picha usiku na mchana, ila katikati ya miaka ya 80 wakaachana na sinema wakakazania televisheni. Halafu picha zote mzee Run Run Shaw, mwenye studio, akazifungia. Miaka na miaka ukitaka kuziona kihalali hupati, ndo maana kilichokuwa kinazunguka dunia nzima ni kanda zilizokopiwa mpaka stelingi hana uso. Mwaka 2000 kampuni ya Celestial Pictures ikanunua hazina yote, picha zaidi ya 700, wakaanza kuzitoa kwenye DVD na kila mtu akashangilia. Na mi nilishangilia, ila leo ukiniuliza ntakwambia walizisafisha mpaka wakazichubua. Nyuso laini kama mdoli, na sauti wakaichanganya upya kwa spika za kuzunguka chumba wakaongezea milio yao ya ngumi ambayo haikuwepo. Mtu anapigwa mwaka 1974 analia kwa mlio wa 2003, wapi na wapi.

Arrow walivyokuja na lile boksi lao la picha za Shaw, Shawscope, mwishoni mwa 2021, picha 12 kwa mpigo, nyingine wakarudi wenyewe kwenye negative wakaanza upya, hapo ndo nikaelewa tofauti. Chembechembe za filamu ziko palepale, zinacheza kwenye ukuta na kwenye ngozi ya mtu, na ndo zinazokuonyesha kwamba hii ni filamu. Sauti ni mono ileile ya zamani, ya njia moja tu, ya Kimandarini ipo na ile ya Kiingereza ipo. Kuna wataalamu wanaodharau dabing, yaani sauti za Kiingereza zilizopandikizwa, eti inaharibu sanaa, waache, hao hawajakulia kibanda umiza. Mi naangalia kwa Kimandarini mara ya kwanza kwa heshima, mara ya pili naweka Kiingereza kwa raha zangu.

Unakumbuka King Boxer? Yule Lo Lieh, kila akipandisha hasira mikono inawaka nyekundu halafu kinalia kile king'ora, sisi kibandani tunaruka juu ya mabenchi. Kile king'ora walikichomoa kwenye muziki wa Quincy Jones, ule wa tamthilia ya Marekani ya Ironside. Na ule muziki mwingine wa kwenye mapigano tuliokuwa tunadhani ni wa Kichina, mwingi wao umetoka London, kwenye maktaba ya muziki ya De Wolfe, Shaw walikuwa wanaununua wanaubandika tu. Humo ndani ya boksi wameweka na CD mbili za huo muziki. Nimeuweka kwenye gari, nikiwa kwenye foleni asubuhi najiona naenda kulipiza kisasi cha mwalimu wangu.

Boksi la pili likaja mwaka uliofuata, picha 14, humo ndo kuna The 36th Chamber of Shaolin ya 1978, Gordon Liu na kipara chake, na hapa sasa nisikilize vizuri. Hizi picha zilipigwa pana sana, upana zaidi ya mara mbili ya kimo. Kideo cha mjomba kilikuwa kile cha chogo, karibu mraba. Waliokuwa wanahamishia kwenye kanda walikuwa wanachukua kipande cha katikati wanatupa pembeni huku na huku, hesabu inakuja karibu nusu ya picha imeenda na maji. Karibu nusu! Yaani sisi tumekua tukiangalia nusu ya kila pambano. Lile zoezi la kubeba ndoo za maji mikono imenyooshwa, visu vimefungwa mkononi ukishusha tu vinakuchoma mbavu, kwenye kanda yetu ulikuwa unaona ndoo moja na nusu. Na zile sehemu adui anaongea na ukuta, kumbe pembeni kuna mtu kasimama, alikuwepo siku zote! Nilivyoiona yote kwa upana wake nilirudisha nyuma, nikarudisha tena, mpaka mtoto akaniuliza baba diski imekwama?

Sikwambii ununue, najua maisha, na hata mimi nasubiri punguzo au naenda duka la mitumba la CD. Ukisubiri wanatoa toleo la kawaida, filamu ileile bila lile boksi gumu na kitabu. Wapo watu hawaitoi diski kwenye nailoni miaka yote, wamenunua karatasi ya juu, wanaiuza kwa bei ya mbuzi ikishaadimika. Hao mi siwaelewi. Ila jambo moja la kukufurahisha, unakumbuka nilivyokuletea ile DVD deki yako ikagoma ikaandika mkoa sio huu? Kwenye DVD dunia imegawanywa mikoa, Tanzania mmewekwa mkoa wa 5 na Uingereza wa 2, ila kwenye Blu-ray, zile diski za kisasa kuliko DVD, Afrika na Ulaya tuko kundi moja, B, na zile za 4K hazina mikoa kabisa. Kwa hiyo nikija na mzigo safari hii utacheza kwenye deki ya kawaida ya Blu-ray bila kumtafuta fundi. Za Marekani nyingi ndo zinasumbua, zile A.

Haya, sasa kanda.

Utasema we si umeniambia kanda ni nusu picha, tena kopi ya kopi, chenga tupu, za nini? Za sauti mwanangu. Kwenye yale maboksi, kama sijasahau, kuna zile za Lufufu, yule mtafsiri wa picha, ambazo mjomba alikuwa akizifuata Dar. Arrow wanaweza kurudi Hong Kong wakachukua negative, picha ikang'aa kuliko hata siku ilipotoka, ila Lufufu hayuko kwenye negative ya mtu yeyote. Yule jamaa alikuwa anaingiza sauti yake juu ya picha, anampa stelingi jina la kwetu, anaeleza ya nyuma ya pazia, anamtania adui, anamsemesha bibi kizee wa Kichina kwa Kiswahili cha uswahilini, na anakuambia kabisa kaa mkao wa kula hapa kuna mtu anakufa. Wakenya wana DJ Afro wao, Waganda wana maviijei wao, na wengi wa hao wapya kazi zao ziko kwenye mitandao. Za kanda ndo ziko kwenye stoo kama yenu, zinaliwa na ukungu. Na hakuna kampuni itakayozitoa, sio kwa ubaya, ila fikiria picha ni mali ya watu wa Hong Kong, sauti ni ya mtu aliyeingiza bila kumuomba mtu ruhusa, mwanasheria gani atashika karatasi hiyo. Sisi tusipofanya basi.

Sasa mpango wangu ndo huu, usicheke. Mashabiki wa huku wanachukua dabing za zamani kutoka kwenye kanda wanazipandisha juu ya picha mpya iliyosafishwa. Sasa kwa nini tusimpandishe Lufufu? Picha pana, rangi zote, negative ya Shaw, na juu yake Kiswahili cha kibanda umiza. Nimeshajaribu kupiga hesabu za mwendo. Sinema inakwenda fremu 24 kwa sekunde, kanda zetu za PAL, ule mfumo wa video wa kwetu, zinakwenda 25, kwa hiyo picha ya dakika 100 kwenye kanda inaisha kwa 96. Ina maana sauti ya kanda inabidi ipunguzwe mwendo kwa hiyo asilimia nne, halafu ndo uilaze juu ya picha. Pale ambapo kanda imekatwa itabidi kuunga kipande kwa kipande, kazi ya usiku mwingi, ila mi baridi hii naenda wapi?

Kwako nataka vitu vichache. Kwanza zitoe kwenye stoo, zikae pakavu, zisimame kama vitabu, zisilale, na zisiwe karibu na spika kubwa maana ile sumaku ni adui. Usiziweke juani eti zikauke, zitapinda. Pili ziangalie kwenye kile kidirisha, ukiona kuna unga mweupe juu ya utepe huo ni ukungu, hiyo iweke pembeni peke yake na USIIJARIBU kwenye deki, ikiingia itachafua hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, na hedi itachafua kanda nyingine zote zilizobaki nzima. Hizo zenye ukungu tutamtafutia mtu anayejua. Zile nzima zipeleke mbele mpaka mwisho uzirudishe mpaka mwanzo, mara moja taratibu, utepe ulioganda kwa miaka unahitaji kunyooshwa kabla ya kucheza.

Deki ndo kipengele. Kampuni ya mwisho Japani kutengeneza deki za video, Funai, iliacha 2016, kwa hiyo mpya hakuna. Muulize yule fundi wa redio wa karibu na stesheni, hao watu hawatupi kitu, na akikupa hakikisha kasafisha hedi kwa spiriti na kapima na kanda ya harusi isiyo na maana kabla ya kuitia ya Lufufu. (Usitumie ya harusi ya dada yako, ntasikia.) Kale kakifaa ka USB ka kuingizia kwenye kompyuta ntakutumia mimi, unachomeka waya wa njano wa picha na mweupe wa sauti, mwekundu wala hauna kazi kwa kanda za mono. Rekodi na picha pia hata kama ni chenga, usirekodi sauti peke yake, maana bila kuona midomo ntajuaje Lufufu yuko wapi. Na usikate mwanzo, yale matangazo yake kabla picha haijaanza ndo matamu.

Kama muda huna, basi fanya moja tu, piga picha migongo ya kanda zote na maandishi ya mjomba yaonekane, unitumie. Ule mwandiko wake wa kalamu nyekundu ntausoma tu, hata pale alipoandika "KICHINA KIKALI NO. 3" bila jina la picha. Nikijua kuna nini ntakuambia ipi ianze. Kama ipo ile ya mapigano ya mlevi na nyani anza nayo, na kama kuna Django, ile kauboi ya baba zetu, iliyotafsiriwa, hiyo hata ikiwa na ukungu usimpe mtu.

Mwambie shangazi nitalipia hiyo nafasi ya stoo kama tatizo ni nafasi, na yule wa skrepa mpe lile friji bovu aondoke nalo roho yake itulie. Binamu anakuja Tanga mwezi ujao, ntampa kifaa na boksi la pili la Shaw, mkague naye akikabidhi maana ana tabia ya "kuazima" njiani. Nijibu kwa picha, sio kwa vois noti.

Mimi yuleyule,
wa Leicester

N.B. Zile kanda tupu zilizoandikwa "KUREKODI" nazo usitupe, mjomba alikuwa anarekodi juu ya kila kitu, huwezi jua ndani kuna nini.