Kambi za midomo wazi na watoto wanaobaki na king'ong'o

Ndugu Mhariri,

Kila inapofika Julai au Agosti, magazeti yetu, likiwamo lako, huchapisha habari inayofanana sana na ya mwaka uliotangulia: ujumbe wa madaktari na wauguzi wa kujitolea umewasili kutoka ng'ambo, umeweka kambi ya wiki moja katika hospitali fulani, na watoto kadhaa waliozaliwa na mdomo wazi wamefanyiwa upasuaji bila malipo. Chini yake huwekwa picha mbili za mtoto mmoja, ya kabla na ya baada. Nimefanya kazi katika chumba cha upasuaji kwa miaka 31 katika mikoa ya kusini, na kambi hizo nimezitumikia nyingi mno kuweza kuzibeza, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiwapokea watoto hao mlangoni kutoka mikononi mwa mama zao na kuwarudisha wakiwa wameshonwa. Ninaloliandikia leo ni kiungo ambacho picha haiwezi kukionyesha hata kidogo, nacho ni kaakaa, yaani paa la ndani ya kinywa.

Kati ya watoto 700 hivi wanaozaliwa duniani, mmoja huwa na mpasuko wa mdomo, wa kaakaa, au wa vyote viwili. Mdomo peke yake, kwa daktari aliyeuzoea, ni kazi ya saa moja hivi. Sisi wauguzi tulikaririshwa kanuni ya makumi matatu: mtoto awe ametimiza wiki 10, awe na uzito wa ratili 10, yaani kilo 4.5 hivi, na kipimo cha wingi wa damu yake (hemoglobini) kisipungue gramu 10 kwa desilita. Akifikia hapo na kifua chake kikiwa safi, hulazwa leo, hushonwa kesho, na mama yake huondoka naye akiwa amemfunika khanga usoni kwa mazoea tu, si kwa aibu tena.

Kaakaa halina urahisi huo. Limo ndani, lina damu nyingi, na liko katika njia ileile ya hewa ambayo mtaalamu wa usingizi anaitumia, hivyo likivimba usiku baada ya upasuaji, mtoto huanza kukosa pumzi, na ni katika saa hizo ndipo inapojulikana kama wodi ina muuguzi wa zamu asiye na wagonjwa 40 wengine, mtungi wa oksijeni wenye gesi ndani yake, na mashine ya kunyonya inayofanya kazi. Kwa sababu hiyo timu makini za wageni hufanya makaakaa siku mbili za mwanzo wa kambi, ili wenyewe wawepo usiku wa hatari, kisha siku zinazobaki hufanya midomo. Siwalaumu, kwani hata mimi ningepanga vivyo hivyo. Lakini matokeo yake ni kwamba kila kambi inapoondoka, huacha nyuma orodha ya watoto waliofungwa mdomo wakaambiwa kaakaa ni "mwakani".

Mwakani ya kaakaa ina mpaka wake. Kwa kawaida hufungwa kabla mtoto hajafikisha mwaka mmoja na nusu hivi, kwa sababu huo ndio wakati anapoanza kusema. Likibaki wazi, hewa hupotelea puani. Mtoto hutamka vizuri herufi m na n, ambazo ni za puani tangu asili, lakini b, p, t na k humshinda. Akitaka kusema "baba", hutoka "mama".

Ninamkumbuka binti mmoja aliyeletwa kutoka kijiji cha mbele ya Newala akiwa na miezi mitano. Alikuwa amekonda kupita kiasi, kwani mtoto wa kaakaa wazi hawezi kunyonya. Mama yake alikuwa akikamua maziwa na kumnywesha kwa kijiko, jambo ambalo hakufundishwa na mtu yeyote zahanati bali alilibuni mwenyewe. Kambi ilimshona mdomo vizuri sana. Kaakaa likapangiwa mwaka uliofuata, na mwaka uliofuata timu ile haikuja, kwa sababu ambazo hospitali yetu haikuelezwa na wala haikuuliza. Mama yule alikuja kila Agosti kwa miaka mitatu, amembeba mtoto mgongoni, akisimama kwenye ngazi za jengo la upasuaji na kuniuliza, "Sista, wageni wamefika?" Binti alianza darasa la kwanza akimwita baba yake mama, na wenzake wakampa jina ambalo sitaliandika. Alifungwa kaakaa akiwa na miaka saba, Dar es Salaam, baada ya mjomba wake kuchanga nauli. Kaakaa liliungana salama, lakini king'ong'o hakikuondoka, maana ulimi ulishajifunza njia zake.

Kosa hapa ni letu sisi wenyeji vilevile. Hospitali niliyofanyia kazi haikuwa na daftari la watoto wanaosubiri kaakaa. Wageni walikuja na mafaili yao na waliondoka nayo. Baada ya kambi mbili hakuna aliyeweza kusema ni watoto wangapi walishonwa, wangapi nyuzi zilifumuka, wala wangapi walibaki na tundu la kaakaa linalopitisha uji puani, ambalo ni kasoro ya kawaida na hurekebishika iwapo mtu atamrudisha mtoto huyo mbele ya daktari.

Jambo hili si geni katika ukanda wetu. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ya Afrika Mashariki, ambayo leo tunaijua kwa jina la AMREF. McIndoe alikuwa amejipatia sifa nchini Uingereza kwa kuwatengeneza upya marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Wazo lao lilikuwa kwamba daktari amfuate mgonjwa kwa ndege, lakini Wood alikuwa akiishi huku huku. Ndege ilikuwa ikirudi kwa sababu mwenye nayo hakuwa na kwingine kwa kwenda. Shirika la Operation Smile nalo lilianza mwaka 1982, baada ya daktari wa Marekani Bill Magee na mkewe Kathy, aliyekuwa muuguzi, kufika mji wa Naga nchini Ufilipino na kukuta familia nyingi kuliko walizoweza kuzihudumia, hata wengi wakarudishwa makwao. Waliondoka na ahadi ya kurudi, na shirika zima lilizaliwa na ahadi hiyo. Smile Train, lililoanzishwa 1999, lilichagua njia nyingine, ya kugharamia na kufundisha madaktari wa nchi husika wafanye kazi hiyo mwaka mzima katika hospitali zao. Ukiniuliza mimi, baada ya yote niliyoyaona, nitaiunga mkono njia hii ya pili, ingawa haina picha nzuri za uwanja wa ndege.

Msomaji atakayedhani kwamba nawafukuza wageni na afikirie watoto wa nyayo za kupinda. Njia inayotumika leo duniani kote, ya Dkt. Ignacio Ponseti, ni kuufunga mguu hogo, yaani plasta ngumu, na kulibadilisha kila wiki kwa wiki tano hadi nane hivi, kisha mara nyingi kukata kano la kisigino kwa kitobo kidogo, halafu mtoto huvalishwa viatu vilivyounganishwa kwa upau saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, na baadaye wakati wa kulala tu hadi afikie miaka minne hivi. Hakuna kambi ya wiki moja inayoweza kazi hiyo, wala hakuna anayejaribu. Kwa hiyo mgeni mmoja, mtaalamu wa viungo bandia Michiel Steenbeek, alikaa Kampala na kubuni viatu vya upau vinavyotengenezwa na fundi wa kawaida kwa vitu vinavyopatikana Uganda kwenyewe, na kiatu hicho sasa kina jina lake. Nyayo zilitulazimisha tukae, lakini mdomo, kwa sababu hushonwa haraka, umetudanganya kwamba kazi imekwisha.

Kuna pia suala la msimu, ambalo naliona dogo kwa wapangaji wa safari na kubwa kwetu. Wageni huja Julai na Agosti kwa kuwa ndiyo likizo yao. Kwetu Mtwara na Lindi, huo ni wakati wa kupulizia salfa mikorosho. Baba hatoki shambani na mfukoni hana kitu. Fedha ya nauli huonekana kuanzia Oktoba na kuendelea, minada ya korosho inapofunguliwa. Nimeona orodha ya watoto 60 waliopimwa mapema ikileta watoto 20, na wageni wakashangaa kwamba wazazi "hawapendi" huduma. Wangeuliza mkulima mmoja.

Sasa nizungumze na vijana wetu wauguzi na madaktari walioko Uingereza, Marekani, Oman na kwingineko, ambao huomba kujiunga na misafara hii ili warudi nyumbani kusaidia. Mkono wa kushona hauhitaji lugha, ila kumfundisha mtoto kutenganisha b na m baada ya kaakaa kufungwa kunahitaji mtu anayejua sauti za Kiswahili, na ikibidi za Kimakonde au Kiyao, akae na mama na mtoto kwa vipindi vingi na mchezo mwingi, apulize naye manyoya ya kuku mezani na kurudia "papa, paka, pipa" hadi wote wachoke. Nilimwona mtaalamu wa matamshi aliyekuja na kambi akijitahidi kazi hiyo kupitia mkalimani. Alikuwa na moyo safi, lakini mtoto alimjibu mkalimani. Wataalamu wa tiba ya matamshi ni wachache mno nchini. Kijana wetu aliyesomea fani hiyo ng'ambo angetufaa kuliko mpasuaji wa kumi, na sehemu ya kazi yake angeweza kuifanya kwa simu ya video baada ya kurudi alikotoka.

Nilifanya kazi pia na daktari mmoja mgeni aliyerudi katika hospitali ileile mwaka hadi mwaka. Mwaka wa kwanza alishona yeye. Wa pili alishona kwa zamu na daktari wetu. Mwaka wa nne alivuta kiti cha duara, akaketi nyuma ya kichwa cha mtoto karibu na mtaalamu wa usingizi, na hakushika kisu siku nzima, isipokuwa mara moja alipoinama na kusema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Polepole hapa." Wenzake wa kambi walilalamika kwamba idadi ya watoto imeshuka. Mwaka wa tano hakuja, na watoto waliendelea kushonwa.

Naomba basi hospitali zinazopokea kambi hizi zisitosheke na kuhakikisha kwamba kila daktari mgeni ana kibali cha muda cha Baraza la Madaktari Tanganyika, jambo ambalo ni la sheria, bali zidai pia nakala ya kila faili kabla ya wageni kupanda gari la kwenda uwanja wa ndege, na zimteue daktari mmoja mwenyeji, kwa jina, atakayewaona watoto hao baada ya wiki 6 na baada ya miezi 6. Nauli ya mama ya kurudi kliniki iingizwe katika bajeti ya kambi tangu mwanzo, pamoja na nyuzi na dawa. Ni fedha ndogo kuliko tiketi moja ya ndege.

Na wewe, ndugu Mhariri, utakapopelekewa tena picha zile mbili, mwambie mwandishi wako aulize ni watoto wangapi wa kambi iliyopita bado wanasubiri kaakaa na wamepangiwa tarehe gani, kisha tarehe hiyo uichapishe chini ya picha, kwa herufi zinazosomeka na mtu aliyesimama kwenye kibanda cha magazeti cha Newala.

Muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji,
Masasi, Mtwara
(Jina limehifadhiwa)