Barua kwa Mwanangu: Hilo Neno Si Lako

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi niliusoma mara mbili. Unasema tovuti ina miezi minne na kurasa 26, na bado ukitafuta Google hujioni. Jana usiku nilikaa nikaipitia yote. Kabla sijakosoa niseme hili: kazi ya kutengeneza cherehani unaijua. Ulivyoeleza namna ndoano ya chini inavyouwahi uzi wa juu sindano inapoanza kupanda, hata mimi nisiyeweza kutunga uzi bila miwani nimeelewa.

Sasa tuje kwenye yanayouma. Ukurasa uliouhangaikia kuliko yote umeupa kichwa "Suluhisho Bora za Ukarabati wa Mitambo ya Ushonaji". Nani anaongea hivyo? Mtu cherehani imemgomea saa tano usiku, na nguo inatakiwa asubuhi, anashika simu anaandika "cherehani inaruka mishono". Au "uzi unajikusanya chini ya kitambaa". Mwingine ataandika "charahani", maana ndivyo anavyoitamka tangu utoto. Nimeyatafuta maneno "inaruka mishono" kwenye ukurasa wako mzima, hayamo. Tatizo lenyewe umelieleza kwa aya nne nzuri kabisa, ila umeliita "hitilafu ya ulinganifu wa sindano".

Maneno anayoandika mtafutaji ndiyo yanayoitwa maneno muhimu, na nadhani jina hilo limewapoteza wengi, maana kila mwenye tovuti hujiuliza ni yapi muhimu kwake. Hilo neno si lako. Ni la anayetafuta, na lilikuwa kichwani mwake kabla hajajua kama upo. Wewe unatakiwa ulisikie, kisha ulijibu.

Nakuambia haya kwa sababu nilikosea vibaya kuliko wewe. Nilianza kutengeneza tovuti enzi za AltaVista, injini ya utafutaji iliyovuma kabla ya Google. Kulikuwa na lebo ya maneno muhimu, ile inayokaa ndani ya msimbo wa ukurasa bila msomaji kuiona. Niliijaza mpaka ikafurika: neno moja kwa umoja, kwa wingi, kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo. Nilipoona haitoshi nikaandika maneno yale yale chini ya ukurasa kwa rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe. Ajabu ni kwamba ilifanya kazi. Injini za wakati ule zilitegemea sana kuhesabu maneno, kwa hiyo aliyepiga kelele zaidi alikaa mbele.

Google ya Larry Page na Sergey Brin ilipokuja mwaka 1998 ilianza kupima pia ni kurasa gani zinazoelekeza viungo kwako, na ujanja wa kurudiarudia ukaanza kupungua nguvu. Mimi sikusikia. Siku moja mteja wangu akanipigia kuuliza tovuti yake imekwenda wapi. Tovuti ilikuwepo, ila kwenye matokeo ya utafutaji haikuwepo tena. Nilikaa wiki nzima nikifuta maandishi meupe kwa mikono yangu, ukurasa baada ya ukurasa, na yule mteja hakurudi.

Na lebo ile? Mwaka 2009 Google ilitamka wazi kwamba haiitumii kupanga matokeo. Nimefungua msimbo wa ukurasa wako nikaikuta, umeipachika maneno 41! Itoe. Vilevile achana na anayekwambia neno lako lazima lichukue asilimia fulani ya maandishi, maana hakuna asilimia ya kichawi. Usome ukurasa kwa sauti. Ulimi ukikwama kwenye neno lile lile mara ya tatu ndani ya aya moja, punguza. Kujaza maneno kupita kiasi kumo katika orodha ya Google ya mambo yanayoweza kukushusha au kukuondoa kabisa kwenye matokeo.

Utaniambia siku hizi mashine zinaelewa maana. Kweli, tangu mabadiliko yaliyoitwa Hummingbird mwaka 2013, na zaidi tangu mfumo wa kuelewa lugha uitwao BERT mwaka 2019, Google husoma sentensi ya mtafutaji kwa ujumla wake, hailinganishi neno kwa neno tu. Hiyo imekupunguzia mzigo: huna haja ya ukurasa mmoja wa "cherehani inaruka mishono" na mwingine wa "cherehani inarukaruka mshono". Lakini mtu akikuona kwenye orodha, anayeamua kubofya ni yeye, na yeye anatafuta tatizo lake kwa jina analolijua.

Utayasikia wapi maneno hayo? Anza na simu yako. Wanaokuletea cherehani hukuandikia kwanza. Fungua jumbe zao, nakili walivyoandika, makosa ya tahajia na yote. Hakuna programu ya kulipia itakayokupa orodha nzuri kama hiyo. Kisha andika "cherehani yangu" kwenye kisanduku cha Google, usibonyeze kitu, usome inachokumalizia.

Halafu fungua Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti. Ni ya bure, na sijui kwa nini hujaiunganisha mpaka leo. Itakuonyesha maneno ambayo watu waliandika ukatokea, ulionyeshwa mara ngapi, ulibofywa mara ngapi, na kwa wastani ulikaa nafasi ya ngapi. Usikimbilie maneno ambayo tayari uko juu. Tafuta yale unayoonyeshwa mara nyingi ukiwa nafasi ya 11 hadi 20. Hapo Google imeshakuhisi unahusika, ila bado haijashawishika. Mara nyingi utakuta neno hilo umeligusa kwa sentensi moja tu, au kichwa cha ukurasa kinazungumzia kitu kingine.

Usijitese na neno moja kubwa kama "cherehani". Anayeliandika peke yake huenda anataka kununua, huenda anataka picha, hujui. Anayeandika "jinsi ya kubadilisha sindano ya cherehani" amekwambia kila kitu. Google wenyewe husema karibu asilimia 15 ya maswali ya kila siku hayajawahi kuulizwa kwao kabla, kwa hiyo hata ukikesha huwezi kuyaorodhesha yote. Kabla hujaandika ukurasa, tafuta maneno hayo mwenyewe uone kinachotokea mbele. Ukikuta video tupu, watu wanataka kuona mikono ikifanya kazi, na aya zako kumi hazitawatosha.

Ukishalipata neno, liweke kwenye kichwa cha ukurasa, kwenye sentensi za mwanzo, kwenye anwani ya ukurasa, na kwenye maelezo ya picha kama kweli picha inaonyesha kitu hicho. Viungo vya ndani ya tovuti umeviandika vyote "bofya hapa", na hiyo haimwambii chochote msomaji wala mashine. Muhtasari unaotokea chini ya kichwa kwenye matokeo ya Google haukupandishi daraja, lakini ndio unaomfanya mtu abofye wewe badala ya jirani yako, basi usiuache mtupu.

Jambo jingine: una kurasa tatu kuhusu uzi kukatika. Kikulacho ki nguoni mwako. Hizo zinagombania nafasi zenyewe kwa zenyewe. Chukua iliyo bora, umimine ndani yake mazuri ya zile mbili, kisha anwani za zamani uzielekeze huko kwa 301, yaani alama ya kuhama moja kwa moja, ili anayefuata kiungo cha zamani asifike ukutani.

Usibadilishe kurasa zote 26 kwa mkupuo, hutajua kipi kilisaidia. Anza na ule wa mishono. Andika kichwa upya, uniletee nikione kabla hujakichapisha, kisha uuache wiki kadhaa bila kuchungulia nafasi yako kila saa kama ninavyokujua.

Nilisahau kukwambia: na mimi cherehani yangu imekuwa ikiruka mishono tangu mwezi uliopita. Jana, nikiwa bado na tovuti yako wazi pembeni, niliandika hivyo hivyo kwenye simu. Wa kwanza kutokea alikuwa fundi nisiyemjua, mwenye ukurasa mfupi usio na mapambo. Alisema nitazame kama ubavu bapa wa sindano umeelekea upande usio wake. Nikaigeuza, ikashona.

Mama yako