Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Tanzania: picha ya ubongo isisubiri mtoto atapike

Mheshimiwa Waziri,

Watoto wenye vichwa vikubwa, yaani waliojaa maji kwenye ubongo, siku hizi wanapasuliwa. Linalotusumbua ni miezi inayofuata.

Wengine huwekewa mpira wa kuteremsha maji ya ubongo hadi tumboni. Wengine hutobolewa sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo (kimojawapo cha vyumba vinavyohifadhi maji hayo) ili maji yapate njia, na kwa wachanga huchomwa pia tishu inayotengeneza maji hayo, njia iliyokuzwa Mbale, Uganda. Utafiti wa Mbale wa watoto 100, uliochapishwa 2017, ulikuta matibabu yamefeli ndani ya mwaka kwa asilimia 35 ya waliotobolewa na 24 ya waliowekewa mpira. Kitakwimu tofauti hiyo haikuthibitika, kwa hiyo tusibishane njia ipi bora. Tuulize nani atafeli.

Alama za kukisia kama tundu litafaa huangalia umri, chanzo, na kama mtoto aliwahi kuwa na mpira. Mtoto wa miezi 4 (alama 10), maji yakiwa yametokana na maambukizi (0), hajawahi kuwa na mpira (10): 10 + 0 + 10, yaani uwezekano wa tundu kufaa ni asilimia 20. Makovu yaliyo mbele ya shina la ubongo hayamo kwenye hesabu hiyo, ilhali yakiwepo, maji yanayopita tunduni hayana pa kwenda. CT (picha ya eksirei ya mikato) huyakosa, MRI (picha ya sumaku) ya mikato myembamba huyaonyesha.

Baada ya upasuaji, ultrasaundi (picha ya mawimbi ya sauti) ya utosini inatosha maadamu utosi haujafunga. Ila picha moja hudanganya: aliyetobolewa akapona, vyumba vyake vya ubongo mara nyingi hubaki vipana. Kinachosema ni mwendo wa vipimo. Kwenye CT, jumlisha upana wa pembe za mbele na za nyuma za vyumba hivyo, kisha gawa kwa upana wa fuvu uliozidishwa kwa mbili. Mfano, kwa milimita: (70 + 80) ÷ (2 × 125) = 0.60, kawaida ni karibu 0.37. Namba hiyo ikipanda, au mzingo wa kichwa ukikimbia kuliko mstari wake, mtoto arudishwe hata kama ananyonya na kucheka. Kulinganisha CT ya jana na ultrasaundi ya leo ni kujidanganya. Kifaa kiwe kilekile na mkato uleule.

Tunaomba waraka mmoja: ultrasaundi kabla ya kuruhusiwa, kisha wiki ya 2, ya 6 na mwezi wa 3, bila malipo. Namba ziandikwe kwenye kadi ya kliniki kando ya uzito, kwa sababu filamu hubaki hospitali na mama huondoka na kadi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wahudumu wa watoto wenye vichwa vikubwa