Kidole ndicho hakijui

Kongwa, Dodoma
14 Julai 2024

Shoga yangu,

Bahasha yako niliichukua kituo cha basi pale Kibaigwa, imekunjwa mara nne na inanukia korosho. Huku tuko salama. Upepo wa Julai umeanza, asubuhi hatutoki nje bila shuka, na mwanao wa ubatizo ameota meno mawili ya chini, anamng'ata kila anayembeba.

Umeniuliza jambo moja, nami nimelala nalo wiki mbili. Kwamba hizi semina zetu za wakulima zinabadilisha chochote, au tunajaza karatasi za mahudhurio tu na kugawa soda? Umesema umechoka kuwafundisha kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, watu walioanza kuipuliza wewe ukiwa bado unanyonya. Nimecheka, halafu nikanyamaza. Za korosho sizijui. Ngoja nikueleze yaliyonikuta kwenye karanga.

Mwaka juzi ulikuja mradi mmoja hapa kwetu, jina lake niache. Tukafanya mafunzo ya siku mbili kwenye ofisi ya kata: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, namna ya kuvuna, kukausha juu ya turubai, kuchambua, kuhifadhi. Walihudhuria wakulima 40, na katika hao wanaume walikuwa 31. Unajua ilivyo, palipo na posho anatangulia baba mwenye nyumba. Siku ya kwanza tuliwapa maswali, siku ya pili tukawapa yaleyale. Swali la nne lilikuwa hili: je, ni sahihi kulowanisha karanga kabla ya kuzibangua? Jioni ya pili wote 40 waliandika hapana. Ripoti ilipendeza mno. Mimi mwenyewe niliisoma mara mbili.

Haikupita wiki tatu, nikapita na pikipiki kwenye kitongoji kimoja, nyumbani kwa mmoja wa wale 31. Mwenyewe hayupo. Nyuma ya nyumba nikamkuta mama yake, bibi wa miaka sabini na kitu, amekaa kwenye kigoda. Pembeni yake kuna beseni la maji, ndani ya beseni karanga na maganda yake, juu zimefunikwa gunia. Kuniona tu, akavuta gunia vizuri, kama mtu anayemfunika mtoto asipigwe na baridi.

Nikamwambia, shikamoo bibi, hizi si ndizo tulizosema zisilowekwe? Akaitika marahaba, akanitazama bila haya. Akasema, "Bibi shamba, mwanangu alinieleza yote uliyosema. Ninajua. Kidole ndicho hakijui." Akaninyooshea kidole gumba. Ukucha umesogea pembeni, ngozi ya ncha imepasuka na kuwa ngumu kama gamba la mbuyu.

Nikaketi. Nilidhani nitakaa dakika tano nimwoneshe mfano mzuri, nimenye kavu mbele yake. Karanga zetu zikikaukia juani vizuri ganda lake halina mchezo. Nilimenya, sikudanganyi, robo ya sado, kidole kikaanza kuwaka. Na punje zangu nyingi zilikuwa zimekatika katikati, kwa sababu ukiminya ganda kavu kwa nguvu linafyatuka na punje yake. Bibi akachota za kwangu kwa kiganja, akachota na zake zilizolowa, nzimanzima, zinateleza. Akaniuliza dalali akija atanunua zipi. Na uzito, akaongeza huku anacheka, uzito nao sisemi.

Sasa hapo ungemjibu nini? Mimi nilikunywa maji nikaondoka.

Njiani nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kukusimulia hata tulipokuwa chuoni Ilonga. Mama yangu alikuwa ananyunyizia karanga maji kila jioni, na aliyekuwa anachota yale maji ni mimi. Nimekaa darasani, nimeandika mtihani wa magonjwa ya mimea, nimepasi, nimekuja kazini kufundisha watu wasiloweke, na siku zote hizo sikujiuliza kwa nini mama alikuwa analoweka. Nilichukulia ni ujinga. Sasa nilikuwa naiona ile robo ya sado ikiwa magunia sita, na wa kuyamenya ni wasichana wawili na bibi mmoja.

Ubaya wake haujapungua, usinielewe vibaya. Karanga iliyolowa ikilala kwenye gunia usiku mmoja au miwili tayari ukungu umepata makao, na sumu yake moto wa jikoni hauimalizi. Unakumbuka mwaka 2016, ule ugonjwa wa Chemba na Kondoa, na kule Kiteto upande wa Manyara? Watu macho ya manjano, matumbo yamejaa maji, mwanzoni hakuna aliyejua ni nini na minong'ono ya kurogana ilikuwa mingi. Walioandikwa kuugua walikuwa 68, wakafa 20, na chanzo kilikuwa sumu hiihii kwenye mahindi ya nyumbani kwao wenyewe. Kabla ya hapo Wakenya walishalipata mwaka 2004 kule Makueni na Kitui, wakazika watu 125. Basi sitanii na beseni lile. Ninachosema ni kwamba nilikuwa namfundisha asiyeloweka. Mwanaume anayejaza karatasi hamenyi karanga. Anazikuta kwenye gunia.

Kuna la pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu lilitoka mdomoni mwangu. Semina nzima tuliimba wimbo wa kuchambua: toa zilizooza, toa zilizosinyaa, toa zenye rangi ya kijani au njano, soko linataka karanga safi. Wakachambua, tena vizuri sana. Nikaenda nyumba kwa nyumba nikaona marundo mawili, moja limefungwa la kupeleka sokoni Kibaigwa, jingine liko kwenye ungo jikoni. Nikauliza, hizi za kwenye ungo mtazipeleka wapi? Mama mmoja akanishangaa. "Si za mlenda?" Zinapelekwa kwenye kinu, zinatwangwa, zinaingia kwenye mboga, na nyingine zinachanganywa na mahindi zinakuwa unga wa lishe wa mtoto. Yaani kabla sijafundisha, sumu ilikuwa imetawanyika, nusu inaondoka na lori. Baada ya mafunzo yangu yote inabaki nyumbani, na mwenye meno mawili ndiye anayepewa bakuli la kwanza. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, lakini kwenye zile zilizosinyaa na kubadilika rangi ndiko inakojaa. Nilikuwa nimewafundisha kumlinda mnunuzi.

Hilo nililirekebisha haraka, na bila mradi. Nilimwomba muuguzi wa zahanati anipe dakika kumi siku ya kliniki, akina mama wakisubiri kupima uzito wa watoto. Hakuna posho, hakuna karatasi ya kusaini. Nilikwenda na ungo wenye zile mbovu, nikauliza tu, nani angempa mwanawe hii? Wakatazamana. Mmoja ana ndugu waliozikwa Chemba mwaka ule, akasimulia yeye, mimi nikakaa kimya. Tangu siku hiyo kuna nyumba naziona zinafukia zile mbovu shimoni. Si zote. Kuna wanaowapa kuku, nami naendelea kuwaambia kuku naye analiwa.

Na ile ya chumvi! Hii itakufaa hata wewe kwenye mahindi ya nyumbani. Unachukua chupa kavu ya kioo, au ya plastiki inayoona ndani, unatia mahindi kama theluthi yake, unaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani au kwenye kikaango. Unafunga, unatikisa dakika mbili tatu, unaiacha itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Si kipimo cha maabara, kwa kuhifadhi muda mrefu tunataka iwe chini zaidi, kama 13, lakini kwa mtu aliyekuwa anapima kwa kung'ata ni hatua. Nilimwonesha mwanamke mmoja, mmoja tu, mwezi wa sita mwaka jana, uani kwake. Mwezi wa nane nikaenda kijiji cha tatu kutoka pale nikakuta chupa ya soda ina chumvi imewekwa dirishani. Nikauliza hii nini. Nikafundishwa na mtoto wa darasa la tano, tena akanikosoa kwamba chumvi yangu ya dukani ni mbichi! Hakuna semina iliyokwenda huko. Nadhani ni kwa sababu chupa na chumvi ni vya mwenye jiko, hahitaji kumwomba mtu ruhusa. Turubai za mradi, kwa upande mwingine, nimeziona mbili harusini na moja imeezekewa banda la chipsi.

Unakumbuka ile habari ya Indonesia tuliyokaririshwa chuoni, ya mwaka 1989, wakulima wa mpunga wanakusanywa kila wiki pembeni ya jaruba kuhesabu wadudu? Nilikuwa naisoma kama historia tu. Walikuwa wanapuliza dawa ya kuua panzi wa mpunga, kumbe dawa inawaua buibui wanaomla panzi, na hawakuamini mpaka walipomfungia buibui na panzi pamoja wakaona nani kamla nani. Msimu huu nimejaribu ya kwangu ndogo. Tumelima robo eka ya karanga na akina mama 18, mgogoro ukiwa ni lini tung'oe. Mimi nina kitabu changu, wao wana mazoea ya kusubiri majani yapukutike na kazi ya mtama iishe. Hatukubishana. Nusu tukang'oa siku ganda kwa ndani lilipoanza kuwa jeusi, nusu tukaiacha wiki mbili zaidi. Wakamenya wenyewe, wakahesabu wenyewe juu ya kanga, mia za huku na mia za kule. Zilizochelewa zilikuwa na mbovu nyingi mno, na nyingine zilikatikia ardhini tukazifukua kwa jembe. Sikusema neno. Mama mmoja mkali, yule aliyekuwa ananiita "mwalimu wa karatasi", ndiye sasa anayepita kwa majirani kuwakwangulia maganda waone kama yameshaanza kuwa meusi.

Halafu hii ardhi ya Kongwa ina kicheko chake. Hapa ndipo Waingereza walipoleta ule mradi wao wa karanga mwaka 1947, matrekta ya vita yakafyeka vichaka, wakapania kulima mamilioni ya ekari. Mvua ikawaacha, udongo ukakauka ukawa tofali, karanga zikakwama humohumo. Mwaka 1951 wakafunga, pauni milioni 36 zimekwenda. Kuna mzee hapa ambaye baba yake alifanya kibarua cha kung'oa visiki. Anasema baba yake alishangaa kitu kimoja tu, kwamba hakuna Mgogo, mwenyeji wa hapa, aliyeulizwa mvua za hapa huwa zinakatika lini. Ananisimulia hivyo akiwa anakitazama kishikwambi changu cha serikali na pikipiki niliyopewa mwaka 2022, halafu anatabasamu. Namwelewa.

Basi nirudi kwa bibi. Nilipowaambia wale akina mama 18 habari ya kidole chake wakacheka mpaka machozi, kwa sababu kila mmoja anacho kama hicho. Wakatoa fedha kwenye kikoba chao, tukamwendea fundi wa kuchomelea pale Kibaigwa, akatutengenezea mashine ya mkono ya kubangua: pipa lililokatwa nusu, wavu chini, mpini unasukuma mbele na nyuma. Inabangua karanga kavu tu, zilizolowa zinanasa, kwa hiyo mashine yenyewe ndiyo inayokataza maji, mimi siulizwi. Bibi aliijaribu siku ya kwanza, akabangua debe huku anapiga soga, akasema angekuwa nayo tangu aolewe angezaa wengine wawili.

Tatizo ni wavu. Mbegu zetu zimechanganyika, punje kubwa na ndogo, tundu likiwa kubwa maganda yanapita mazima, likiwa dogo punje zinakatika, na dalali anarudi na bei yake ya chini. Zikiendelea kukatika nakwambia mabeseni yatarudi kabla ya Desemba. Sasa mashine iko kwa fundi, anasubiri tumwambie vipimo. Nakuomba, ukipita Mtwara fika Naliendele kwenye kituo cha utafiti, wao karanga ndiyo kazi yao. Uliza wavu wa mbegu ya Pendo unatobolewa milimita ngapi, na kama wana mashine yenye wavu wa kubadilisha, ipige picha kwa chini unitumie. Usiandike ripoti. Picha tu.

Maonesho ya wakulima ya Nane Nane ya kitaifa mwaka huu yako hapahapa Dodoma, Nzuguni, huna kisingizio. Njoo na korosho, mimi nakuwekea sado ya karanga. Nimezimenya mwenyewe, kavu, mashine ikiwa kwa fundi, na ukiona mwandiko wa barua hii umeyumba kuanzia ukurasa wa pili ujue kidole gumba kina plasta.

Wasalimie watoto, na mama mkwe umwambie dawa yake ya kifua ilinisaidia.

Ni mimi,
mwenzako wa bweni