YAH: Malalamiko ya hija ya Roma, mama yangu kuteremshwa kwenye Ngazi Takatifu

Ndugu Meneja wa kampuni ya safari,

Tumsifu Yesu Kristo. Tangu turudi ni siku ya tisa, nilisema nitulie kwanza ndo niandike, naona hasira haipungui, basi naandika hivyohivyo na naomba uniwie radhi nikiteleza. Ratiba na masharti ya msafara mnayajua, ni nyie mliyaandika, sirudii.

Naanza na ngazi. Pale mbele ya kanisa la Laterano kuna zile ngazi 28 za marumaru zilizofunikwa mbao, tunazoamini Bwana wetu alizipanda kwenda kwa Pilato na Mtakatifu Helena ndo akazileta Roma. Hazipandwi kwa miguu, ni magoti tu, kila ngazi unasali. Mama yangu ana miaka 71. Alitoka Dar na kidaftari ameandika majina 28 ya wanajumuiya, ngazi moja jina moja. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo alikunja kitenge chake mara nne, anakitanguliza kwenye ngazi, anapiga goti juu yake, anasoma jina, anasali, anakivuta, anasogea. Amefika ya 19, kiongozi wenu wa msafara akapanda kwa miguu na viatu vyake katikati ya watu waliopiga magoti, akamshika bega, akamwambia "mama inatosha, teremka, basi haliwezi kumsubiri mtu mmoja." Akamteremsha.

Sasa niambieni basi lilikuwa linawahi wapi. Duka la mikoba ya ngozi! Saa nzima na dakika 40, nilikuwa naangalia saa yangu, na wengi wetu hatukununua hata mkanda. Tulipofika kanisa la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta milango imeshafungwa, na baba yetu marehemu alikuwa anaitwa Paulo, mama alichanga hela ya kikoba miaka mitatu ili asali kwenye kaburi la somo wa mume wake. Akaishia kushika geti.

Na hela pia. Mlitutoza yuro 30 kila mtu mkasema ni "tiketi za makanisa." Tiketi zipi? Kwa Mtakatifu Petro kuingia ni bure, Laterano bure, Bikira Maria Mkuu bure, kwa Mtakatifu Paulo bure. Kinacholipiwa ni vitu kama kupanda kuba la Mtakatifu Petro na Makumbusho ya Vatikani, na huko kote hatukwenda. Hata Pantheon, lile hekalu la kale lililogeuzwa kanisa, ambayo ni kweli walianza kutoza yuro 5 mwaka 2023, mlituonyesha kwa nje tu. Foleni ya ukaguzi ya Mtakatifu Petro tulipanga ileile ya kila mtu, kwenye jua, kwa hiyo msiniambie mlilipia njia ya haraka. Hoteli sitaki hata kuiongelea. Ila Bikira Maria Mkuu mlitupa dakika 15 kwa kanisa zima, na humo ndo kuna kaburi la Papa Fransisko, jiwe limeandikwa FRANCISCUS basi, mama alikuwa anataka asimame asome lile jina na kumwombea, tukapita tunasukumana huku kiongozi anapiga makofi tuharakishe. Kanisani, anapiga makofi.

Nilikuwa nataka nidai hizo yuro 30 zetu wawili na mtuombe radhi, yaishe. Lakini juzi nimepiga simu ofisini kwenu, dada akanijibu "si alipanda nyingi tu, 19 siyo chache." Kwa hiyo inabidi nirudi kwenye ngazi, labda hamjaelewa.

Mimi nilikuwa ngazi tatu nyuma ya mama. Kiongozi wenu alinipita, soli ya kiatu ilikuwa karibu na vidole vyangu, simu mkononi, na mlinzi wa pale juu anampungia mkono kumkataza na yeye anaendelea tu. Mama hakugombana naye. Alimwambia "mwanangu, nimebakiza tisa tu, naomba nimalize." Yule akamshika bega mara ya pili, akamwinua. Pembeni kuna ngazi za kushukia kwa miguu, lakini alimteremsha hapohapo katikati, uso kwa uso na watu wanaopanda kwa magoti, wanajibana kumpisha, na mama anawaambia "samahani, samahani" kwa Kiswahili huku analia. Kitenge kikabaki juu ya ngazi ya 19, bibi mmoja wa Kizungu ndo alitupasia. Majina tisa hayajasomwa, na mojawapo ni la mtoto wa jirani yetu mwenye selimundu, mama yake alilileta mwenyewe usiku wa kuamkia safari. Tangu turudi mama hajaenda jumuiya, anasema akiulizwa atajibu nini.

Kwa hiyo sasa nadai hivi. Yuro 30 zetu zote mbili zirudi. Nauli na gharama zote za mama zirudi, siyo nusu, siyo "punguzo la safari ijayo." Na kiongozi yule pamoja na wewe Meneja mje jumuiyani kwetu mumwombe mama radhi mbele ya wale aliowabebea majina. Na kwa kweli kadiri ninavyoandika naona hata hiyo haitoshi, mnatakiwa mumrudishe Roma kwa gharama zenu akamalize ngazi zake na aingie kwa Mtakatifu Paulo, mimi nikiwa naye.

Nawapa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo, majibu ya maandishi, siyo simu. Mkikaa kimya, barua hii na risiti zenu za "tiketi" nazipeleka Tume ya Ushindani inayolinda walaji, na nakala naipeleka kwa paroko aliyewaruhusu kutangaza safari hii baada ya misa. Video ya mama akiteremshwa ninayo, mwenzetu wa kwenye msafara alirekodi.

Mteja wenu wa msafara wa Oktoba,
binti wa mama wa siti namba 3